Ukuta Nyuma ya Mafiga

Waliokuwapo siku ile ni hawa: shangazi yetu, dada mkubwa wa marehemu baba, aliyekuja na kiondo na mwavuli mweusi, baba mdogo, aliyekataa kiti na kusimama mlangoni mpaka chakula kilipoletwa, bibi mfinyanzi jirani yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Dani, akiwa na kikopo chake cha ugoro, dada yangu anayenifuata, mdogo wetu wa kiume, kitinda mimba wetu wa kike ambaye alikuwa bado hajaanza shule, na mimi. Wapo wengine ambao hadi leo husema walikuwapo. Hao walichungulia dirishani tu.

Shangazi na baba mdogo walikuja kutugawa. Watu wa ukoo walipenda kusema "kuwasaidia watoto", lakini mimi nilikuwa nimesikia mpango wote. Dada yangu angekwenda kwa shangazi kulea wajukuu. Mdogo wetu wa kiume angekwenda kwa baba mdogo kuchunga ng'ombe. Kitinda mimba angepelekwa kwa watu wa mama, kama wangemtaka. Mimi nilikuwa na kazi ya mkokoteni soko la Kibuye, na kidevu kilichoanza kuwa na dalili ya ndevu, kwa hiyo ningebaki. Kubaki na nani, hakuna aliyesema.

Nilikuwa nimeapa kwamba hakuna atakayetoka. Na kitu nilichokuwa nacho cha kubishana nao kilikuwa ukuta mmoja.

Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Obunga, Kisumu, ya udongo na mabati, kwenye kiwanja alichotuachia baba. Jikoni kulikuwa na mafiga matatu, na nyuma ya mafiga ukuta ambao mama aliupenda kuliko kuta nyingine zote. Sababu ya mapenzi hayo ilitoka mtaa wa Milimani. Mama alikuwa akifua nguo katika nyumba moja kubwa huko, ya ofisa mmoja wa serikali, na sebuleni mwa nyumba hiyo palikuwa na mahali pa kuota moto, pamejengwa kwa mawe ya kuchonga, na bomba la moshi likipanda hadi juu ya paa. Aliyejenga alikuwa Mzungu wa zamani. Labda alidhani Kisumu kuna baridi, labda alipakumbuka kwao. Mama alifanya kazi pale miaka na miaka, na hakuona hata kijiti kimoja kikiwashwa. Pahali pa kuni paliwekwa chungu cha maua ya plastiki. Juu kulikuwa na rafu, na kwenye rafu saa ya mezani, sahani ya shaba, na picha kubwa ya milima yenye theluji. Kazi mojawapo ya mama ilikuwa kupangusa vumbi la mapambo hayo.

Alikuwa akirudi nyumbani akicheka peke yake. "Ukuta wa moto wameuvika kama bibi arusi," alisema, "na moto wenyewe haujawahi kufika harusini."

Tangu hapo akatangaza kwamba sisi, ambao moto wetu hufanya kazi kila siku tukijaliwa unga, hatuwezi kuwa na ukuta wa aibu. Kila mwaka kabla ya Krismasi aliukandika upya. Udongo ukiwa mbichi alipitisha vidole vyake vinne kwa pamoja, akaacha mistari iliyopinda, safu juu ya safu, hadi usawa wa kichwa chake. Rangi nyeusi aliipata kwa kuponda mawe ya ndani ya betri kuukuu za redio. Nyeupe aliipata kwa jivu lililochekechwa. Nyekundu sikujua aliitoa wapi. Wanawake wa mtaa walikuja kutazama, wakaenda kwao wakajaribu, na kila nyumba ikawa na jambo lake.

Baba alitangulia, mama akamfuata. Niliacha shule nikiwa kidato cha kwanza. Sikufukuzwa. Nilirudisha vitabu vya shule, nikamshukuru mwalimu wa darasa, nikaenda Kibuye kuomba mkokoteni. Watu nikiwaeleza habari hii hunitazama kwa huruma, na mimi huwaambia waiweke huruma yao mfukoni. Wadogo zangu walikula. Mdogo wa kiume na dada yangu walikwenda shule wakiwa na sare. Nilijua nilichokuwa nakifanya.

Lakini ukuta sikuujua. Mwaka wa kwanza bila mama, mvua ndefu iliponyesha, bati lililo juu ya jikoni lilivuja, na maji yakashuka nyuma ya mafiga polepole bila sisi kuyaona. Siku moja, shangazi akiwa amekuja kutujulia hali, dada yangu akiwa anakoroga mboga, kipande cha ukuta kilichokuwa na ukubwa wa sinia kikabanduka na kuangukia ndani ya sufuria. Mboga ikaruka. Kitinda mimba akalia. Fito za ukuta zikabaki wazi kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi.

Shangazi hakupiga kelele. Alisimama akatazama zile fito, kisha akasema taratibu, "Mmeona. Moto wa mama yenu umezimika. Nyumba inawafukuza."

"Ni bati linalovuja, Shangazi," nikasema. "Nitalipiga lami."

"Lami itapaka kuta? Nyumba ambayo mwenyewe amekufa haikandikwi na mtu mwingine. Huachwa ianguke yenyewe. Hata wewe unajua."

Nilijua. Sikatai desturi ya watu wetu, wala sikuikataa siku hiyo. Nilichokataa ni kuambiwa kwamba desturi iliyowekwa kwa ajili ya nyumba tupu inatuhusu sisi tuliokuwa ndani, tukila na kulala na kugombania blanketi. Shangazi akasema atarudi na baba mdogo mwisho wa mwezi, na tuwe tumefunga vitu vyetu. Alimwambia dada yangu ni nguo gani asisahau.

Bati nililiziba siku ya pili. Kisha nikachimba udongo nyuma ya nyumba, nikautia maji, nikaukanyaga, nikajaza lile shimo la ukutani kwa mikono yangu. Nilijiona fundi. Ili ukauke upesi niliwasha moto mkubwa wa kuni za mti mkavu. Asubuhi ukuta ulikuwa umepasuka kama kisigino cha mtu asiyejua viatu. Udongo mweusi wa Kisumu ndivyo ulivyo: ukiloa hukushika mguu kama polisi, ukikauka huachana hadi kidole kinapita. Nilipougusa ukaporomoka wote, pamoja na kipande kingine cha kazi ya mama.

Mtaani kwetu wanawake walikuwa wakikandikiana nyumba kwa zamu. Leo wanakwenda kwa huyu, juma lijalo kwa yule, na aliyekandikiwa lazima naye apige magoti kukandika kwa wenzake wote. Mama alikuwa katika zamu hiyo. Nikawafuata kwenye bomba la maji, ambapo walikuwa wamepanga madebe, nikawaambia nataka zamu ya nyumba yetu.

Aliyepanga zamu alikuwa mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Akasema, "Zamu ya mama yenu alikwenda nayo. Nani atailipa? Dada yako hata karai haliinui."

"Nitalipa mimi."

Kicheko kilichotoka pale bombani nadhani kilisikika hadi barabara ya Kakamega.

"Wewe? Upige magoti na sisi, makalio juu?"

"Nitapiga."

"Yawa! Na leso tukufunge?"

"Kama ipo ya bure, nifungeni."

"Mwanamume akishinda mekoni ndevu huungua," akasema mwingine.

"Zikiungua nitaokoa wembe."

Hapo wakacheka upande wangu kidogo. Lakini muuza omena alitikisa kichwa. "Kijana, si ubaya. Sikiliza. Mume wangu akirudi aulize yule mwanamume alikuwa chumbani kwangu akifanya nini na udongo mikononi, nimjibu nini?"

Kweli lilikuwa swali la haki.

Ndipo Dani, aliyekuwa mwisho wa foleni amekalia debe lake, akapiga chafya ya ugoro na kusema, "Mimi mume wangu yuko kaburini siku nyingi na hajauliza kitu."

Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye mdomo ambao hata wauza samaki waliuogopa. Aliniita kwa kidole. "Nitakuja. Lakini si msaada, usije ukasema nilikuonea huruma. Ni zamu. Mimi kwako, wewe kwangu. Nyumba nzima, ndani na nje."

"Nimekubali, Dani."

"Umekubali haraka. Nyumba yangu ni kubwa kuliko yenu."

Alipofika jikoni kwetu hakuutazama ukuta kwanza. Alitazama mafiga, akapima kwa mkono umbali kati ya figa la nyuma na ukuta, akanigeukia. "Nani alikuambia ukandike hapa kama unavyokandika chumba cha kulala?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Ukuta unaokaa na moto ni chungu kilichosimama. Utautengeneza kama chungu. Kwanza utoe huu uchafu wako mweusi. Halafu uende Sondu."

Dani alizaliwa upande wa Sondu, karibu na mto, na kwake udongo wote wa dunia ulikuwa mbovu isipokuwa wa kwao. Akanieleza mahali: ukivuka daraja, kwenye ukingo uliokatwa na barabara, chini ya tabaka la mawe madogo. Mama pia alikuwa akienda huko, akasema. Walikuwa wakienda pamoja na kurudi na mizigo kichwani, na kumbe mimi nilikuwa nikila ugali mbele ya udongo wa Sondu maisha yangu yote bila kujua.

Nilimwendea dereva mmoja wa lori aliyezoea kuleta mananasi Kibuye kutoka Sondu, nikamwambia nitapakia mzigo wake wote bila malipo akinichukua kwenda na kurudi. Nikapakia mananasi hadi mikono ikachanika kwa miiba ya majani yake, kisha nikachimba udongo mwekundu, magunia mawili, nikayaweka juu. Njiani polisi akatusimamisha. Akapanda, akapapasa magunia, akauliza, "Hii ni nini?"

"Udongo, Afande."

"Udongo? Unatoa udongo Sondu unapeleka Kisumu? Kisumu hakuna udongo?"

"Upo, Afande. Mweusi."

Akatia mkono ndani hadi kwenye kiwiko akitafuta bangi. Akautoa ukiwa mwekundu, akautazama, akaufuta kwenye suruali yake ya kazi na mara moja akajuta. Tukaruhusiwa kuondoka.

Dani alinifundisha kwa fimbo. Mdogo wangu wa kiume alikanyaga udongo katika shimo, tukatia mavi ya ng'ombe, mchanga na majani makavu yaliyokatwa vipande, tukaufunika kwa magunia ulale. Kila asubuhi Dani alikuja, akachota kidogo, akaufinya kuwa kamba, akaizungusha kamba hiyo kwenye kidole chake. Ikikatika, anasema ongeza mavi. Iking'ang'ania kidole, anasema ongeza mchanga. Siku ilipozunguka kidole bila kukatika na bila kung'ang'ania, akamtuma dada yangu nyumbani kwake alete vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika tanurini. Alikuwa na rundo zima. Nikakaa kwenye kinu nikivitwanga hadi vikawa unga mnene. Unga huo ukaingia kwenye udongo wa upande wa moto.

"Hiki kimeshaungua mara moja," Dani akasema. "Moto ukikikuta tena hautakishangaza."

Kukandika kwenyewe nilifanya mimi. Magoti ya Dani yalikuwa yamekwisha. Alikaa kwenye kigoda akiniongoza. Nikilegeza mkono, fimbo inagusa kifundo. "Usibembeleze. Sukuma. Unakandika ukuta, humpaki mtoto mafuta." Majirani walipita dirishani. Vijana wenzangu wa mkokoteni walikuja hasa kunitazama, mmoja akauliza kama nitamkandikia na mama yake. Nikamwambia alete udongo wa Sondu nitakuja kesho. Muuza omena naye alikuja, akaukagua ukuta kutoka juu hadi chini, halafu akasema, "Pale pembeni umeacha shimo," akaenda zake. Kweli nilikuwa nimeacha shimo.

Moto hatukuuzima siku zote hizo. Dani alitaka moto mdogo wa makaa, kidogo asubuhi, kidogo jioni, ukuta ukauke kutoka ndani bila kushtuka.

Lilipofika suala la mapambo, tuligombana wenyewe kwa wenyewe, na ugomvi huo naukumbuka kwa furaha. Dada yangu alitaka vitambaa vya kufuma, vile vyeupe vya kuwekwa juu ya viti, vining'inie ukutani kama alivyoviona kwa rafiki yake. Mdogo wetu wa kiume alitaka picha za wachezaji mpira alizokata gazetini. Mimi nilitaka mistari ya mama ile ile, sawasawa, isipungue hata mmoja.

"Kitambaa na gazeti ni kuni," Dani akasema. "Na wewe, mkubwa, mistari ya mama yako ilikuwa ya mkono wa mama yako. Mkono wako ni wa mkokoteni. Weka wa mkokoteni."

Basi tukafanya hivi. Juu kabisa, ambapo moto haufiki, nilijenga rafu ya udongo juu ya vigingi, na hapo dada yangu akapata pahali pa kitambaa chake kimoja, na taa, na vikombe. Chini ya rafu nilipitisha vidole, na mistari yangu ikatoka minene, iliyonyooka, kama njia za magurudumu. Nyuma ya mafiga hasa nilibandika bati la debe la mafuta nililolikunjua na kulisugua kwa mchanga na jivu, na usiku moto ulipowaka lilirudisha mwanga chumba kizima, hata mtu aliweza kusoma. Pembeni mwa bati dada yangu akagandamiza vipande vya sahani ya kauri iliyovunjika siku ya matanga ya mama. Mdogo wa kiume akachonga kwa kijiti lori lililobeba mananasi, na juu ya mananasi mtu mwenye kichwa kikubwa, ambaye alisema ni mimi. Kitinda mimba alipewa vizibo vya soda, akavipanga mstari ambao ulianza chini kwa adabu na kuishia popote.

Ukuta wa mama haukuwa hivyo. Huu ulikuwa wetu, wenye kelele kidogo. Niliupenda.

Sasa siku yenyewe. Shangazi aliingia, akatafuta kwa macho mahali pa kuweka mwavuli, na macho yakafika ukutani. Mwavuli ukabaki mkononi.

"Nani amekandika?"

"Mimi, Shangazi."

Baba mdogo alicheka kutoka mlangoni. "Mwanamume mzima anakandika mekoni! Ukoo umekwisha."

"Ukoo haukuja kukandika," nikasema.

"Usimjibu baba yako hivyo," shangazi akasema.

"Nisamehe, Baba. Lakini haukuja."

Dada yangu hakutupa nafasi ya kuendelea. Alipakua. Alikuwa amepika ugali na mgongo wazi, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwanda vikishachukua minofu, ambayo Obunga tulikuwa tukiinunua kwa marundo na kuikaanga hadi inalia mdomoni. Baba mdogo, ambaye hakutaka kukaa, alikaa. Shangazi aliitazama sahani yake.

"Mnanilisha mifupa?"

"Minofu imekwenda Ulaya, Shangazi," mdogo wetu akasema, naye shangazi akazuia cheko kwa kumeza maji.

Wakala. Sikuwaharakisha. Nilitaka wale vizuri, na nakiri nilimwambia dada yangu aongeze.

Walipomaliza shangazi akasema lililomleta. Alisema kwa upole, na nataka kumtendea haki: hakuwa mtu mbaya. Aliogopa. Alikuwa ameona watoto wa watu wengine waliobaki peke yao na yaliyowapata. Akasema nyumba ya marehemu haikandikwi, kwamba nimeita balaa juu ya vichwa vya watoto, na kwamba mkono wa mwanamume mekoni ni ishara kuwa hakuna mwanamke, na nyumba isiyo na mwanamke si nyumba. "Watoto wajiandae," akasema.

Dada yangu alikuwa ameshika mkono wa kitinda mimba. Hawakulia. Walinitazama mimi.

"Shangazi," nikasema, "nyumba hii ni ya nani?"

"Ya mama yenu."

"Mama amekufa. Sasa ni ya nani?"

Akaugeuza mwavuli wake mapajani.

"Ikiwa ni yetu, tumekandika nyumba yetu, na hakuna mwiko uliovunjwa. Ikiwa bado ni ya marehemu, na ni ya kuachwa ianguke, kwa nini mmeingia mkala ndani yake?"

Baba mdogo alikuwa na mfupa mdomoni. Akashindwa kuutema, akashindwa kuumeza. Dani, kwenye kigoda chake, akafungua kikopo cha ugoro kana kwamba hakusikia chochote.

Shangazi aliweka mwavuli chini. Akakunja sketi, akachuchumaa mbele ya ukuta, na hapo nikaona kwamba mwanamke huyu alikuwa amekandika kuta maisha yake yote. Alibonyeza kwa ukucha pembeni mwa bati, karibu na figa, palipo na joto zaidi. Ukucha haukuingia. Akagonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio. Ukuta ukatoa sauti kavu, kama ya chungu kizima. Akagonga chini, akagonga pembeni, akafika pale nilipoacha shimo na kuliziba, akagonga mara ya pili. Halafu akamgeukia Dani.

"Mmetia vigae."

"Nilitia vyangu," Dani akasema.

"Na udongo ni wa Sondu."

"Ulitaka wa wapi?"

Shangazi aliendelea kuchuchumaa. Alipitisha kidole kwenye lori la mananasi. "Na huyu mwenye kichwa hiki ni nani?"

"Ni yeye," mdogo wetu akasema akinionyesha.

"Amefanana."

Akainuka kwa kushika goti langu. Baba mdogo akasema kwamba yeye alikuja kumchukua mchungaji na ng'ombe hawajui habari za vigae. Shangazi akamwambia atafute mchungaji wa kulipwa kama watu wengine. Kwangu akasema hivi: "Mvua ndefu zijazo nitakuja. Nikikuta ukuta huu umeanguka, hata ukubwa wa kiganja, nawachukua watoto na hutanijibu neno."

"Njoo," nikasema. "Tutakupikia."

Alikuja. Mvua ya mwaka ule iliangusha choo cha jirani na kupeleka daraja la mbao mtaroni. Ukuta nyuma ya mafiga ulisimama. Shangazi aligonga, akasikiliza, akala mifupa bila kulalamika, na habari ya kugawana haikutajwa tena katika ukoo wetu, si na yeye, si na mtu mwingine. Wadogo zangu wote walikulia jikoni mle. Wote walisoma kupita pale nilipofika mimi, na kila mmoja alitoka kwa mlango ule siku aliyoichagua mwenyewe.

Imebaki zamu ya Dani.

Mwaka ule ule nilikwenda kwake na karai. Akanifukuza, ukuta wake bado ulikuwa na nguvu, akasema, nisimharibie. Mwaka uliofuata alikuwa akichoma vyungu. Mwaka mwingine alisema magoti yangu bado hayajawa mazuri. Nilikwenda kila baada ya mvua, na kila mara alikuwa na sababu, na kila mara alihakikisha nimeelewa kwamba deni halijafutwa. Muuza omena alikuwa akinitania bombani: "Bado hujapiga magoti?" Kisha, miaka ya tisini ikiwa imeanza, mwana mkubwa wa Dani alinunua shamba karibu na Sondu, akajenga nyumba ya matofali ya saruji, akaja na gari la kukodi kumchukua mama yake. Nyumba ya Obunga ikauzwa na kubomolewa. Nilirudi kutoka Kibuye nikakuta kiwanja kitupu na rundo la vigae.

Nilimfuata. Nilibeba sukari, majani ya chai na blanketi, vitu vya kumheshimu mtu mzima. Nikamkuta ameketi barazani pa nyumba iliyopakwa rangi ya mafuta, kijani chini na maziwa juu, akiwa amekasirika kama siku zote.

"Umeleta nini?"

Nikamwonyesha.

"Blanketi nitachukua, ni zawadi. Sukari hiyo unataka iwe malipo, nimeiona usoni mwako. Nilikupa sukari mimi?"

"Hapana, Dani."

"Nilikupa nini?"

"Zamu."

"Basi lete zamu."

Nikatazama kuta zile za saruji, laini, zisizohitaji mkono wa mtu. "Hapa nikandike nini?"

"Hapa hakuna kitu. Hizi ni kuta za benki." Akanivuta mkono hadi nyuma ya nyumba. Huko, kwenye uwanja mtupu, alikuwa amepanga mafiga matatu, na sufuria ikichemka juu yake, na nyuma ya mafiga hakukuwa na kitu, ni upepo tu ukipeleka moshi kwenye mahindi. Jikoni ndani kulikuwa na jiko la mafuta ya taa ambalo alisema linanuka na hawezi kulipikia. Mwanawe alikuwa ameahidi kumjengea kibanda cha jiko cha udongo pale pale. Miti ya nguzo ilikuwa imeletwa, imelazwa kando ya ua, na mchwa walikuwa wameshaanza kuionja.

"Ana shughuli nyingi," akasema.

"Nitazisimamisha mimi nguzo, Dani. Leo hii."

"Wewe ni mwanangu? Nguzo ni za mwanangu. Udongo ni wako. Usiruke zamu ya mtu." Akaketi kwenye kigoda, akapiga chafya. "Fito zikifungwa nitakutumia mtu. Na uje na magoti."

Nimerudi mara kadhaa tangu siku hiyo. Nguzo bado zimelala. Ukingo wa udongo mwekundu upo palepale ng'ambo ya daraja, nami kila nikipita huupiga jembe kidogo kuona kama umebadilika. Mtu hajatumwa. Nyumba nzima, ndani na nje, ndivyo tulivyokubaliana bombani, na sijalipa hata kiganja kimoja.